Laki nane kwa mtoto wa mbwa: fedha hiyo inakwenda wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza bei za mbwa. Nimechagua tatu. Ya pili nilimpigia mwenyewe simu siku iliponifikia, maana haikuweza kusubiri toleo litoke.

SWALI: Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kibaha. Wezi wameingia mtaani kwetu mara mbili mwaka huu, mke wangu akasema sasa tutafute mbwa wa maana. Nikaelekezwa kwa mama mmoja anayezalisha German shepherd. Mtoto mmoja shilingi 800,000. Nikahesabu waliokuwa bandani, sita. Sita mara laki nane ni shilingi 4,800,000, na hao watoto wana miezi miwili tu! Mbwa wa kienyeji nampata kwa shilingi 20,000, au napewa bure. Nilipomuuliza mbona bei iko juu hivyo, alinijibu, "Hawa ni pure," akanyamaza. Naomba uniambie ukweli: ninaibiwa au siibiwi? — Baba Watatu, Kibaha

JIBU: Marahaba, baba, na poleni kwa hao wezi.

Hesabu yako ya fedha inayoingia haina kasoro. Inayotoka ndiyo hukuoneshwa. Mtu anayetaka laki nane zako ana wajibu wa kukufungulia daftari, na neno "pure" si daftari. Nitakueleza linavyotakiwa kuwa, halafu urudi kwake ukaangalie kama lake lipo.

German shepherd ni mbwa ambaye mwanzo wake unajulikana mwaka na mji. Mwaka 1899, kwenye maonyesho ya mbwa huko Karlsruhe, Ujerumani, ofisa wa zamani wa jeshi la farasi aitwaye Max von Stephanitz alimwona mbwa wa kuchunga kondoo akampenda, akamnunua, akampa jina la Horand von Grafrath. Mwezi huohuo yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuzalisha mbwa wa namna hiyo, na Horand akaandikwa wa kwanza kwenye kitabu cha ukoo. Walichokuwa wakikitafuta ni mbwa wa kazi. Mpaka leo chama hicho kinadai kwamba kabla mbwa hajakubaliwa kuwa mzazi, apigwe picha za nyonga na afaulu mtihani wa kazi. Kwa hiyo anayekuuzia German shepherd kwa haki anakuuzia wazazi. Mtoto mwenyewe wa wiki nane hana cha kukuonesha zaidi ya masikio na uchangamfu.

Nimetaja nyonga. Nitakaa hapo kidogo, maana ndipo ninapoona watu wakilia kwangu.

Mbwa hawa wana ugonjwa wa kurithi ambao kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga. Mtoto anazaliwa mzima, anacheza, anauzwa. Ukimweka mtoto wa wazazi waliopimwa pembeni ya mtoto wa wazazi wasiopimwa, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Mwaka juzi nililetewa dume wa miezi kumi na moja kutoka Kigamboni. Akikimbia, miguu yake ya nyuma inaruka yote miwili kwa pamoja kama ya sungura, na mwenye mbwa alidhani ni madaha yake tu. Nikampa dawa ya usingizi, nikamlaza chali, nikainyoosha miguu na kumpiga picha. Vikombe vya nyonga vilikuwa bapa kama visosi. Mbwa huyo alinunuliwa shilingi 300,000 kwa mtu ambaye naye alisema ni pure. Sasa anaishi kwa dawa za maumivu, na bwana wake ameshalipia dawa hizo fedha nyingi kuliko tofauti ya bei aliyoiokoa siku ile.

Mzalishaji anayejali huwapiga picha hiyo jike na dume kabla ya kuwapandisha. Uingereza kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, zikijumlishwa zote mbili mwisho ni 106, na alama zikiwa chache ndiyo nyonga nzuri. Huko hawampimi mbwa kabla hajatimiza mwaka mmoja. Marekani cheti cha mwisho hutolewa akifika miezi 24. Fikiria basi: jike analishwa, anachanjwa, anaogeshwa dawa ya kupe kwa miaka miwili hajaleta hata shilingi. Kisha picha inatoka mbaya. Mwenye roho nzuri anamfunga kizazi, anamtoa kwa familia itakayomtunza, anaanza upya na jike mwingine. Yule aliyeshindwa mtihani naye yumo ndani ya laki nane yako. Na hata wazazi wenye nyonga nzuri huweza kuzaa mtoto mbaya, maana ugonjwa huu unabebwa na jeni nyingi kwa pamoja. Kupima kunapunguza hatari, hakuifuti.

Mimba ni siku 63 hivi. Kuna ada ya dume, kuna ultrasaundi, na jike akishazaa na watoto wote wakinyonya, wiki ya tatu na ya nne anaweza kula mara mbili hadi nne ya chakula chake cha kawaida. Watoto hawawezi kujitia joto wenyewe siku za mwanzo, kwa hiyo mtu analala nao chumba kimoja. Dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili, kisha kila wiki mbili. Halafu kuna parvo, ugonjwa wa kuhara damu uliojitokeza duniani mwaka 1978, ambao virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Ukiingia kwenye banda lisilo na chanjo unaweza kuondoka na uzao mzima ndani ya wiki. Nimewahi kuwapoteza watoto watano wa banda moja kati ya Jumatatu na Alhamisi, na yule aliyebaki hakuuzwa, mwenyewe alishindwa kuachana naye.

Kwa hiyo rudi kwa yule mama. Mwombe akuoneshe jike mwenyewe, atembee mbele yako, ainuke na kulala. Omba picha za nyonga za wazazi wote wawili, na kadi ya chanjo yenye mhuri na saini ya daktari. Muulize jike amezaa mara ngapi na ana umri gani. Akivitoa, laki nane ni bei ya haki. Asipovitoa, unanunua bahati nasibu, na hata laki mbili ni nyingi.

Nikwambie na hili, ingawa hukuliuliza. Kwa wezi wa mtaani unachohitaji zaidi ni mbwa anayesikia mapema na kubweka. Wa kienyeji aliyelelewa nyumbani, akala vizuri na asifungwe mnyororo mchana kutwa, anaifanya kazi hiyo vizuri sana. Mnunue German shepherd kama unampenda na una muda wa kumfundisha. Bila kazi na bila kutembezwa, mbwa yule anaharibika akili.

SWALI: Mama Daktari, pole na majukumu. Nina miaka 29, nakaa Sinza, nina saluni. Miezi minne iliyopita nilinunua jike wa French bulldog kwa shilingi 4,500,000. Ni rangi ya "bluu", ambayo nimeambiwa ni adimu. Aliyeniuzia alisema uzao mmoja tu unarudisha fedha yote. Sasa ana miezi kumi na ameingia joto. Kuna kaka ana dume wa madoadoa, "merle", anataka shilingi 1,500,000 kwa kupandisha. Nimpe? Na je, kwa nini mbwa hawa ni ghali kuliko wengine wote? — Dada wa Saluni, Sinza

JIBU: Mwanangu, kama nilivyokwambia kwenye simu, usimpandishe. Naandika sababu ili na wengine wasome.

Nianze na rangi. Hiyo inayoitwa bluu ni nyeusi iliyofifishwa, na hutokea mbwa akirithi jeni moja dhaifu kutoka kwa baba na kwa mama. Baadhi ya mbwa wenye rangi hiyo hunyonyoka manyoya na kupata vidonda vya ngozi wakikua. Madoadoa ya merle hayakuwamo kwenye ukoo wa French bulldog. Yaliingizwa kwa kuchanganya na aina nyingine, na chama cha mbwa cha Uingereza hakiwaandikishi French bulldog wenye rangi hiyo. Merle wawili wakipandishana, baadhi ya watoto huzaliwa viziwi au vipofu au vyote viwili. Kumlisha mbwa wa bluu hakuzidi kumlisha wa kahawia hata shilingi mia. Ziada yote uliyolipa ni bei ya neno "adimu", na wanaolipandisha neno hilo wanajua kwamba mbwa huyu ndiye anayetafutwa sasa: mwaka 2022 French bulldog aliongoza kwa kuandikishwa Marekani, akamshusha Labrador aliyeshika nafasi hiyo miaka 31.

Sasa gharama iliyo ya kweli. Hii inatokana na umbo lake.

Bulldog wa Uingereza alikuwa mbwa wa kupiganishwa na mafahali mpaka sheria ilipopiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Baadaye mafundi wa lesi wa Nottingham waliokwenda kutafuta kazi Ufaransa waliondoka na bulldog wadogo wadogo, na huko ndiko alikotokea huyu wako. Kazi ya mafahali ikiwa imekwisha, watu wakawachagua kwa sura: kichwa kikubwa, kifua kipana, pua fupi, makalio membamba. Kizazi baada ya kizazi sura hiyo imezidishwa mpaka kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga ya mama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mbwa wa Uingereza ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzao wa French bulldog na wa bulldog ulitolewa kwa upasuaji. Soma tena tarakimu hiyo polepole. Wanne kati ya kila watano na zaidi.

Hata kushika mimba kwao ni kazi. Wengi hawawezi kupandana wenyewe bila kuishiwa pumzi, hivyo hufanyiwa uhimilishaji, kama tunavyofanya kwa ng'ombe wa maziwa, ila kwa mbwa kukadiria siku ni kugumu zaidi. Mayai ya jike wa mbwa hutoka yakiwa machanga, yanahitaji kama siku mbili kukomaa. Tunampima damu kila baada ya siku mbili kuangalia homoni ya projesteroni mpaka tuijue siku yenyewe. Kama mbegu imetoka nje ya nchi, imesafiri ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa haiishi zaidi ya siku moja hivi. Ukikosea siku, fedha yote imepotea na unasubiri miezi sita au saba joto lirudi.

Sitasahau usiku mmoja wa Februari. Saa tano usiku kaka mmoja aligonga geti langu, amembeba jike wa bulldog ndani ya beseni la kufulia. Alikuwa amesukuma tangu magharibi. Uchafu wa kijani kibichi ulikuwa umeshatoka na hakuna mtoto aliyezaliwa, dalili kwamba kondo la nyuma limeanza kuachia. Siku za mimba hakuzihesabu, alikuwa ameambiwa, "atazaa tu kama mbwa." Nikamfungua. Msaidizi wangu alishika watoto, mimi nikishona, na umeme ukakatika katikati ya kazi, tukamaliza kwa taa za simu mbili. Walikuwa watano. Wawili walilia. Watatu tuliwasugua kwa taulo mpaka mikono ikatuuma, hawakulia.

Halafu kuna mama mwenyewe. Mbwa wa pua fupi kumwamsha kutoka usingizi wa dawa ndiyo sehemu ninayoiogopa kuliko kukata, kwa sababu koo lake ni jembamba na nyama laini za ndani zinaliziba ukimtoa mpira wa hewa mapema. Nilikaa sakafuni naye mpaka saa kumi alfajiri, nimemshika kidevu. Alipona. Yule kaka alilipa upasuaji, dawa, maziwa ya kopo, na kwa wiki tatu yeye na dada yake waliamka kila baada ya saa mbili kuwanyonyesha wale wawili kwa chupa, kwani mama mzito kama yule huwalalia watoto bila kujua. Alipowauza, hakuirudisha hata fedha ya matibabu.

Hiyo ndiyo hesabu ya "uzao mmoja unarudisha fedha yote". Uzao wao ni mdogo, mara nyingi watatu au wanne, na kila mmoja amepitia chumba cha upasuaji. Mzalishaji anayefanya yote haya ipasavyo kweli anatumia fedha nyingi, sikatai. Lakini, baba wa Kibaha akipata daftari lililonyooka, laki nane yake imenunua nyonga zilizopimwa. Wewe milioni nne na nusu yako imenunua rangi, pamoja na mwili ambao hauwezi kuzaa bila kisu. Fedha zote mbili zinaitwa bei ya mbwa wa mbegu, na mimi siwezi kuzihesabu kuwa kitu kimoja.

Wapo walioliona hili wakachukua hatua. Uholanzi tangu mwaka 2019 inapima urefu wa pua kabla ya kuruhusu mbwa wa namna hii kuzalishwa. Norway mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilipiga marufuku kuzalisha bulldog wa Kiingereza na cavalier, aina nyingine ya mbwa wadogo. Rufaa ikawaachia bulldog, ila katazo la cavalier Mahakama ya Juu ililithibitisha mwaka 2023. Sisi hatuna sheria kama hiyo, tuna dhamiri zetu tu na joto la Dar es Salaam. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na huyu amenyimwa pua ya kuhemea.

Uliniambia anakoroma na wateja saluni wanafurahi. Mwanangu, hiyo ni sauti ya mnyama anayetafuta hewa. Mlete nimtazame matundu ya pua. Yakiwa membamba sana yanaweza kupanuliwa kwa upasuaji mdogo, na ni bora mapema. Usimtembeze kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni. Asinenepe hata kidogo. Joto hili likipita, baada ya miezi miwili au mitatu tumfunge kizazi tukiwa na nafasi, mchana, umeme ukiwapo.

Fedha uliyotoa hairudi, na nakupa pole kwa hilo, najua ulivyoikusanya. Mbwa mwenyewe yuko kwako na anakupenda.

SWALI: Shikamoo Bibi Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Kigoma. Rafiki yangu kwao wana Rottweiler. Alisema mbwa wetu ni mshenzi, hana bei, na Afrika haijawahi kuwa na mbwa wa thamani. Mbwa wangu ni mwekundu, ana mkia wa kujikunja. Je, ni kweli? — Mwenye Mbwa Mwekundu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Si kweli, na kisa chenyewe hakiko mbali na kwenu, ni ng'ambo ya ziwa.

Katika misitu ya Congo wako mbwa wadogo, wekundu, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, wanaosaidia wawindaji kufukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Hawabweki kama wengine. Hutoa sauti inayokaribia kuimba. Wazungu walianza kuwapeleka Uingereza mwaka 1895, wa kwanza wakafa kwa ugonjwa, na walifanikiwa kuwazalisha huko miaka ya 1930. Leo duniani wanaitwa basenji. Sikiliza jina hilo vizuri, mjukuu wangu: lina undugu na neno "washenzi", lilelile ulilotukaniwa mbwa wako. Sasa huko Ulaya na Marekani mtu husubiri zamu kumpata, na ananunuliwa kwa fedha nyingi, kwa sababu jike wa basenji huingia joto mara moja tu kwa mwaka wakati wengine huingia mara mbili.

Kuna na sababu nyingine. Basenji wote wa Marekani walitokana na mbwa wachache sana, wakapandishana ndugu kwa ndugu, mpaka ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea kati yao. Figo zinamwaga sukari na virutubisho kwenye mkojo. Walifanya nini? Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walipanda ndege mpaka Zaire, Congo ya leo, wakaingia vijijini kaskazini-mashariki, wakaomba watoto wa mbwa kwa wanakijiji. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kilifungua kitabu cha ukoo, kilichokuwa kimefungwa, ili kuwaandika mbwa hao wa vijijini. Damu yao ndiyo iliyotafutwa kuwasaidia ndugu zao wa kule.

Sikwambii kwamba mbwa wako ni basenji, siwezi kujua kwa barua. Ila babu zake walizaa wenyewe chini ya ghala, wakahimili kupe na jua, na aliye dhaifu hakuacha mtoto. Rottweiler wa rafiki yako ni mbwa mzuri, ila parvo humshika kwa urahisi kuliko mbwa wengine wengi, mwambie wasiruke chanjo.

Na wewe usiruke ya kichaa cha mbwa. Mbwa wako anaweza kuchanjwa tangu akiwa na miezi mitatu. Muulize ofisa mifugo wa kata yenu kama kutakuwa na chanjo ya bure karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na umpeleke kwa kamba, asubuhi, kabla jua halijawa kali.